Programu haioni kisichochorwa
Kuna mwanafunzi anasema ukiunganisha modeli za Revit (programu ya kuchora jengo kwa 3D) ndani ya Navisworks (programu ya kuziunganisha na kukagua vinavyogongana), migongano yote ya mabomba na bimu huonekana kabla ya ujenzi kuanza. Yote, hapana. Programu hukagua kilichochorwa tu. Bomba la majitaka likichorwa limelala bila mteremko, ripoti itatoka safi kabisa. Fundi akija kuliwekea mteremko wa 1:40, ndani ya mita 6 limeshuka milimita 150 na limeshaingia kwenye njia ya hewa ya kiyoyozi. Bomba la maji baridi ya kiyoyozi nalo huvishwa koti la kuzuia joto, mfano la milimita 25 kila upande, wengi hawalichori. Modeli zisipotumia koordineti moja, yaani sehemu moja ya kuanzia vipimo, ndiyo balaa, unapata migongano ya uongo tele. Vyuoni kwenu mnafundishwa kukagua na nafasi ya fundi kuingiza spana, au mgongano wa kugusana tu?