Askari wasio na jina wa Famicom Wars

Nintendo ilitoa Famicom Wars, gemu ya vita ya mashine yake ya Famicom, nchini Japani tarehe 12 Agosti 1988, na tangazo lake la televisheni bado linanichekesha. Wanajeshi wanakimbia huku wakiimba, mmoja anatoa na wengine wanapokea, wakiisifia gemu mpya, na humo humo wanakumbushana kwamba akina mama wasiambiwe. Aliyesoma shule za Tanzania hahitaji maelezo: ni mchakamchaka mtupu.

Ukicheka umalize, kisha uicheze yenyewe, kwa sababu chini ya utani huo kuna gemu kali isiyo na huruma.

Pande ni mbili, Nyota Nyekundu na Mwezi wa Buluu. Kwa nini wanapigana? Hakuna anayekuambia. Unapewa ramani ya miraba yenye miji, viwanda, viwanja vya ndege na bandari, mnachezeshana zamu kwa zamu, na mshindi ni anayeteka makao makuu ya mwenzake au kummalizia vikosi vyote. Mji uliouteka unakuingizia fedha kila zamu, na fedha hizo ndizo zinazonunua vifaru, mizinga, ndege na manowari. Lakini mji hautekwi na kifaru, wala na ndege ya kuangusha mabomu hata iwe ya bei gani. Lazima askari wa miguu afike pale kwa miguu yake, au ashushwe na helikopta, akae, avumilie. Kwa hiyo kikosi cha bei ya chini kuliko vyote ndicho ambacho bila yeye hushindi vita. Nimecheza gemu nyingi za aina hii na sijaona kanuni moja fupi inayobeba uzito kama huo.

Haikuwa ya kwanza, na mashabiki wanaoiita mama wa gemu za vita za zamu kwa zamu wanawakosea wengine. Kampuni ya Koei ilikuwa imetoa gemu ya vita vya Kawanakajima mwaka 1981, kisha ile ya Nobunaga, mbabe wa vita wa Japani ya zamani, mwaka 1983. Mwaka 1985 SystemSoft ikatoa Daisenryaku, yenye ramani ya vipande vya pembe sita na silaha za kisasa, na mtu asiyeona deni la Famicom Wars kwa Daisenryaku hajaangalia vizuri. Tofauti ni kwamba hizo zilikuwa gemu za kompyuta, za mtu mwenye kibodi na subira. Intelligent Systems, waliotengeneza Famicom Wars kwa ajili ya Nintendo, walikuwa na mashine ya watoto yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 na pedi yenye vitufe viwili vya kazi. Walipunguza mengi, ila mafuta na risasi wakaviacha. Ndege ikiishiwa mafuta inaanguka, hata kama adui hajaigusa. Hapo ndipo unaanza kuliheshimu gari la kubebea vifaa, ambalo mgeni wa gemu hizi hulidharau.

Sasa nifike kwenye ninachotaka kusema. Warithi wa gemu hii wameipita kwa sura, muziki na hadithi, ila kwa jambo moja wamerudi nyuma: wameleta mashujaa. Mwaka 1990 watengenezaji hao hao walitoa Fire Emblem, ambamo kila mpiganaji ana jina na uso, na akifa ndiyo basi. Mwaka 2001 ikaja Advance Wars, yenye makamanda wachangamfu wenye uwezo wa ajabu wa kugeuza vita. Nazipenda zote mbili. Lakini katika Fire Emblem nikimpoteza mtu naanza upya, kwa hiyo vita vyangu huisha bila msiba. Katika Famicom Wars kikosi huanza na nguvu ya kumi, inashuka hadi saba, hadi mbili, nami najikuta nimekiweka hicho cha wawili mbele ya kifaru ili kizibe njia kwa zamu moja tu. Siwajui majina. Silii. Ndivyo vita vinavyoendeshwa na watu walio mbali na risasi, na gemu iliyotangazwa kwa mchakamchaka inakuonyesha bila hotuba hata moja.

Nintendo wenyewe wanajua jambo hili lina makali. Advance Wars iliingia madukani Marekani tarehe 10 Septemba 2001, siku moja kabla ya mashambulizi ya New York na Washington. Japani ikaahirishwa, isitoke mpaka Novemba 2004, ikiwa imefungwa pamoja na ya pili yake. Toleo jipya la hizo mbili nalo liliahirishwa mwaka 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, likatoka Aprili 2023. Uamuzi wa heshima, sikatai. Ila mwaka ule wa 2001 vita vya Kongo vilikuwa vimeshika tangu 1998, na kwa ajili ya Goma au Kisangani hakuna gemu iliyosubirishwa hata wiki moja. Heshima hiyo inaonekana hupimwa kwa vita vinavyotazamwa na wateja.

Famicom Wars haikuwahi kuuzwa rasmi nje ya Japani, kwa hiyo ukiitafuta utakutana na menyu za Kijapani. Zisikutishe, amri ni chache na nafasi zake zinakaririka haraka. Kinachochosha ni kucheza dhidi ya kompyuta: kwenye ramani kubwa inafikiri mpaka chai inapoa. Tafuta mtu wa kushindana naye kwenye pedi ya pili, tena mtu asiyependa kushindwa, na muanze na ramani ndogo.