Namba Mbili Imepigwa Marufuku

Jamani, mtu unaingia Mikindani kistaarabu, umeshuka tuta, klachi chini, unavuta gia namba mbili, mkono unajikuta kwenye namba nne. Injini inaguna kama mzee aliyeamshwa na watoto. Bodaboda nyuma yako anapiga honi. Dashibodini kimewaka kitaa cha kukujulisha kwamba umetoka 1 kwenda 4, utadhani ulituma maombi.

Gari ni Corvette C5 ya shemeji, gari la michezo la Kimarekani, gia sita za mkono, usukani kushoto. Korosho zilimkubali. Wenzake walijenga, yeye kanunua viti viwili. Kwenda gereji ni mimi, yeye "yuko kikaoni".

Ule mtambo unaokuvusha kutoka namba moja hadi nne unaitwa CAGS, umeanza kwenye Corvette za 1989. Wamarekani tangu 1978 wana sheria ya kodi kwa magari yanayokunywa: gari lisilofika kilomita tisa na nusu hivi kwa lita, linatozwa. Wahandisi hawakugusa injini, wakamgusa dereva: aruke namba mbili na tatu, kipimo cha mafuta kitoke kizuri. Mtambo unafanya kazi maji ya injini yakizidi nyuzi 76 hivi, mwendo ukiwa kati ya kilomita 24 na 31 kwa saa, na mguu ukiwa mwepesi kwenye mafuta, kama asilimia 21 kushuka chini. Sasa niambieni, hapa Mtwara, kati ya tuta na tuta, nani anatembea mwendo mwingine?

"Sinkronaiza," fundi kasema kabla sijazima gari, yaani kile kifaa cha giaboksi kinachofanya gia ziingie bila kukwaruza. "Namba mbili imekwisha. Tunashusha giaboksi leo leo."

Nikamwambia kwa heshima zote: fundi, huu si ugonjwa. Ukikanyaga mafuta vizuri, au ukibadili kabla ya kilomita 24, namba mbili inaingia laini. Sinkronaiza iliyokufa haichagui mwendo, ingekwaruza tu.

"Bosi, unanifundisha kazi?"

Kaingia uvunguni, tochi mdomoni. Kimya. Inaonekana miguu tu, ndala moja imebaki nje. Akatokea upande wa pili, akalizunguka gari, akaingia tena. Akatoka taratibu, anajifuta mikono ambayo haijashika kitu.

"Bosi... hili gari mlilinunua likiwa na giaboksi?"

"Labda imebaki bandarini," akadakia kijana wake.

Basi! Watu wakajaa. Mama wa mihogo akaacha karai motoni aje kuona gari lililovuka bahari bila giaboksi. Mmoja akauliza kama tumeripoti polisi. Nikaeleza mpaka koo likakauka: C5 giaboksi yake iko nyuma, imeshikana na difu, katikati ni bomba refu linalopitisha shafti. Nendeni nyuma mkaangalie! Fundi kaangalia, kakohoa. "Nilikuwa najua. Nilitaka nione kama na wewe unajua."

Kazi yenyewe wala si ya kukusanya kijiji. Acha ekzosi ipoe, maana inapita jirani. Nyanyua kwa jeki, kisha weka stendi. Stendi, fundi, toa hayo matofali! Ubavuni mwa giaboksi kuna koili yenye soketi ya nyaya mbili. Ikipata umeme inasukuma pini, pini inaziba njia ya namba mbili, mkono unateleza kwenda nne. Bonyeza kilimi, chomoa soketi, usikate waya. Ukiacha wazi hivyo, kompyuta inakosa ukinzani wa koili, inaandika hitilafu P0803 na taa ya injini inawaka. Siku ikiwaka kwa jambo la maana utadhani ni ileile. Ndiyo maana zinauzwa plagi ndogo zenye rezista ndani, kidude kinachoiga ukinzani wa koili: unachomeka kwenye soketi inayotoka kwa kompyuta, kompyuta inaridhika, koili inabaki haina kazi. Ziba mdomo wa koili, vumbi na chumvi ya bahari visiingie, na funga nyaya mbali na ekzosi.

Fundi kashika soketi nyingine. "Hii?"

Hapana! Hiyo ya rivasi. Koili yake ndiyo inayolegeza kufuli ya rivasi. Ichomoe uone, kurudi nyuma utausukuma mkono wa gia kwa nguvu zako zote.

"Basi tuzitoe zote, bosi, gari lipumue."

Sasa namba mbili inaingia, lakini pua ya gari iko chini mno, kila tuta lazima ulipande kimshazari. Na kila tuta lina kijana wake. Hujamwita, anakuja. "Njoo, njoo, njoo kaka, inapita, njoo..." Krrrr! Bampa. Halafu ananyoosha mkono dirishani anataka ya soda, tena upande usio na dereva, anabishana na kiti kitupu.