Gari nimeuza, makato yanaendelea

Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Leicester, Uingereza, baridi ya kupasua midomo. Saa kumi na mbili natakiwa kazini, nyumba ya kulea wazee. Natia ufunguo, Yaris inajibu tik-tik-tik, kisha kimya. Betri imekufa. Kwetu Mombasa hili si jambo: kabla hujafungua boneti vijana wanne washafika nyuma ya gari, mmoja anakwambia tia gia ya pili, wengine wanasukuma, unawaachia ya chai unaondoka. Hapa mtaa mzima mapazia yamefungwa.

Sikuwa na wasiwasi, maana nilikuwa na ile bima ya gari kuharibika, ambayo gari likizima kampuni inakutumia fundi. Nikapiga simu. Dada wa upande wa pili akauliza gari liko wapi. Nikamwambia mlangoni kwangu. Akanyamaza kidogo. Kumbe niliyonunua mimi, ya bei ya chini, inaanza kazi gari likiwa zaidi ya robo maili kutoka nyumbani, yaani kama mita 400. Mume wangu, kikoi kiunoni na koti juu, akauliza bila hata kutabasamu kama tukilisukuma mpaka kona ya msikiti tutakuwa tumefika.

Nikalipa pauni 40 za ziada papo hapo kwenye simu. Fundi akaja, akabusti betri, dakika 10 kaondoka.

Hadithi za bima hizi huishia hapo: walikuja, hawakuja, walichelewa. Mimi kilichonichoma kilikuja Machi, nilipopata kazi ya karibu nikauza gari. Nikapiga simu kusema jamani, gari sina tena, nifutieni. Nikaambiwa kwa adabu kabisa kwamba mkataba wangu ni wa mwaka mzima. Pauni 96. Zile pauni 8 za kila mwezi hazikuwa ada ya mwezi, ni deni la mwaka nililokubaliwa kulipa kidogo kidogo. Nimelipa miezi mitano, imebaki saba, nadaiwa pauni 56. Na kwa kuwa fundi aliitwa mara moja, hakuna hata senti ya kurudi.

Nikafanya ujanja ambao naamini nusu ya wasomaji wangu wameshaufanya: nikaingia benki nikazuia makato. Wiki mbili baadaye ikaja barua, halafu ya pili yenye maandishi mekundu inayotaja wakusanya madeni. Kuzuia makato si kufuta mkataba. Ulichofunga ni mfereji tu, deni liko pale pale. Nililipa.

Je, waliniibia? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni hapana. Ukurasa wa 31 wa karatasi zao ulisema yote hayo. Na kwa aliyekwisha kuita huduma, naielewa hoja yao: bila sharti hilo mtu angejiunga Jumatatu, avutiwe gari lake kutoka Glasgow mpaka London Jumanne, ajitoe Jumatano. Ninachokipinga ni kampuni kumfanyia hivyo hivyo mtu ambaye hajawahi kuita fundi hata siku moja. Miezi saba hana gari, wao hawana cha kuokoa, na bado wanakata. Hapo sioni hatari yoyote wanayoibeba.

Kwa bima zinazosimamiwa kwa sheria za Uingereza una siku 14 za kujifikiria, zinazohesabiwa tangu mkataba ufungwe au tangu upate karatasi zake, lolote lililokuja mwisho. Ndani ya siku hizo unajitoa bila kutoa sababu, ingawa wanaweza kukata thamani ya siku ulizotumia. Baada ya hapo unatawaliwa na masharti yao. Kuna watakaokurudishia miezi iliyobaki, kuna watakaotoza ada ya kufuta, na kuna wasiorudisha kitu. Ukiona umeonewa, andika malalamiko kwao kwanza. Wana wiki 8 za kukujibu. Wasipokuridhisha, nenda kwa msuluhishi wa migogoro ya fedha, Financial Ombudsman Service. Ni bure, ila usikawie zaidi ya miezi 6 tangu jibu lao la mwisho.

Ningejua, ningechagua tofauti tangu mwanzo. Bima hii ya kuharibika iko ya gari na iko ya mtu. Ya mtu inakufuata wewe hata ukiwa abiria kwenye gari la mwenzio. Ningekuwa na hiyo, zile pauni 56 zingenilinda hata sasa ninapopandishwa na mume wangu. Na mume wangu mwenyewe, nimekuja kugundua baadaye, akaunti yake ya benki ya kulipia kila mwezi ina bima hiyo hiyo ndani yake. Miaka mitatu analipia, hajui. Tazameni kwanza benki zenu na bima zenu za kawaida za gari kabla ya kununua mara mbili.

Ulizeni pia wanavuta gari mpaka wapi. Ya bei rahisi mara nyingi inaishia gereji ya jirani, maili 10 hivi, na ukiharibikiwa Birmingham usiku utalala Birmingham. Na ile alama ya tiki inayoufanya mkataba ujirudie wenyewe kila mwaka, iondoeni siku ile ile mnayonunua.

Shemeji yangu amenunua Corolla wiki iliyopita na anataka nimchagulie kampuni. Nikamwambia asilipe chochote mpaka anitumie masharti yao, hasa ukurasa wa kujitoa. Jana usiku akanitumia. Picha sita za Corolla, moja ameegemea mlango.