Friza la dada yangu na vita vya Bahari ya Shamu

Juzi usiku tumetoka tarawehe, tumekaa barazani Jang'ombe, hapa Unguja, tunapunga upepo, simu ya dada yangu ikalia. Dukani! Akairukia hata kahawa ikamwagika, maana ujumbe wa duka lile anaungoja tangu Rajabu. "Habari njema kwa wateja wetu wapendwa! Friza toleo jipya limeshaingia, linakula umeme kidogo, wahi kabla halijakwisha." Na picha, na vimulimuli.

Toleo la zamani, yaani lile aliloliuziwa yeye, lina umri wa miezi 14. Waranti yake ni miaka miwili. Limekufa bodi, kile kibao cha saketi kinacholiendesha; sasa lipo ukumbini limefunikwa mtandio, na juu yake tumeweka feni, angalau lifanye kazi moja.

Dada anauza malai, barafu za mifuko na pweza. Mwaka mzima anaungoja mwezi mmoja tu, ndio huu, ambao hata mtoto wa miaka sita anatumwa barafu saa kumi na moja jioni. Friza alilinunua kwa pesa za mchezo wa kupeana. Kabla yake alikuwa na used la Dubai, pana, zito, limepauka kama mkeka wa zamani. Lile lilipita kwenye giza la miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ulipokufa waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka Bara. Dada akaligeuza kabati la unga. Umeme uliporudi akalipangusa, akalichomeka, likanguruma kama mzee aliyekatishwa usingizi wa adhuhuri, likaendelea. Aliliuza kwa sababu sisi ndugu zake tulimshauri: nunua jipya, lina waranti. Mie nilikuwa mstari wa mbele kwenye ushauri huo, Mungu anisamehe.

Nimekwenda dukani mara nne. Mara ya kwanza, umeme wenu mbaya. Haya, umeme wetu tunaujua. Mara ya pili, waranti ni ya Tanzania nzima lakini fundi yupo Dar, likafuate. Aliyewahi kuvusha hata televisheni moja kwa boti anayajua maswali ya bandarini. Mara ya tatu bosi kasafiri. Mara ya nne kijana wa kaunta akashusha pumzi, akaniangalia kwa huruma khasa.

"Shekhe wangu, hali ya dunia si unaiona. Meli zinapigwa Bahari ya Shamu. Spea zimekwama."

Nikamwomba tukiangalie kibandiko cha nyuma. China. Sasa mie skuli jografia nilipata C, lakini ramani naijua. Meli itokayo Guangzhou kuja kwetu inapita mlango wa Malaka, inaikata Bahari ya Hindi, inakuja zake. Bahari ya Shamu ipo juu kule, njia ya kwendea Suez na Ulaya. Meli za njia ile ndizo zilizoanza kushambuliwa na Wahouthi wa Yemen Novemba 2023, nyingi zikaamua kuizunguka Afrika kwa Rasi ya Tumaini Jema. Atokaye Shanghai kwenda Rotterdam ana haki ya kulalamika. Bodi ya friza la Jang'ombe ilifuata nini huko, ilikwenda kuhiji?

Na tuseme basi ilipotea njia. Hilo toleo jipya limepita wapi? Limekuja na wenzake, limeshuka, limepandishwa gari, limepigwa picha, na maua pembeni. Bodi yenyewe haizidi kiganja cha mtoto. Si wangeitia ndani ya mojawapo ya hayo mafriza, ikaja imelala humo humo bila ya nauli?

Na si leo. Mwaka 2021 redio yangu iliharibika, nikaambiwa ni ile meli ya Ever Given iliyokwama Suez. Meli ilikwama siku sita. Redio yangu ilikwama miezi minane. Kabla yake Korona, baada yake Ukraine. Dunia haijawahi kuwanyima msiba watu hawa.

Nakubali, shingo upande, kwamba nauli za meli zilipanda hata kwa njia zisizopita kule, maana safari zilirefuka na makontena yakawa adimu. Lakini hiyo ni habari ya bei. Wangesema spea imepanda, ongezeni kidogo, tungegombana kiungwana tukamalizana. Ulaya, wanakotoka used zetu nyingine, tangu Machi 2021 sheria inamtaka mtengenezaji wa mafriji na mafriza awe na bodi za spea kwa miaka isiyopungua saba baada ya kuacha kuliuza toleo, na fundi akiagiza apelekewe ndani ya siku 15 za kazi. Sisi siku 15 ndio kwanza bosi anarudi safari.

Nimemleta fundi wetu wa Mwembeladu. Kalifungua nyuma, kaichomoa bodi, kainusa, kanipa niishike. Ina ukungu wa kijani, wa chumvichumvi, kama sabuni ya mche iliyosahauliwa uani.

"Hii haikuungua kaka," akasema. "Imeliwa na hewa ya bahari. Haikupakwa hata kitu cha kuikinga."

Kisiwani! Wameuza kisiwani kitu kinachoogopa bahari, kisha wakatwambia tatizo umeme, kisha wakatwambia tatizo bahari nyingine.

Fundi anatafuta bodi kwenye friza jingine lililokufa, kaahidi baada ya Idi. Mie jana nimewaandikia dukani swali moja tu, kwa adabu zote: toleo jipya limekuja na meli gani, na ile meli haikuwa na nafasi ya bahasha? Zimetokea alama mbili za buluu. Leo asubuhi wamejibu kwa picha ya mashine ya kufulia. Kupelekewa nyumbani bure, mpaka kisiwani Tumbatu.