Kuchuma matunda Australia: kazi ngumu sio shida, shida ni nani kashika siku zako

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku Dar, nimetumiwa na watu tofauti tofauti kila mmoja na swali lile lile, "kaka hii ni ya kweli?" Linasema Australia wanatafuta watu wa kuchuma matunda, umri 18 mpaka 45, elimu yoyote, mshahara dola 4,500 kwa mwezi, kula na kulala bure, visa ndani ya siku 30, we unalipia "prosesi" milioni nne na nusu, nusu sasa hivi nusu visa ikitoka. Chini wameweka picha ya mabinti wa kizungu wanacheka na vikapu vya stroberi. Basi grupu linagawanyika, hawa wanasema utapeli huo, wale wanasema nyie ndo kazi yenu kukatisha watu tamaa wakati wenzenu wanatoboa. Mi naona wote wana hoja ila wanabishania kitu kisicho chenyewe.

Maana mfumo wenyewe upo na ni wa kweli kabisa. Australia wana visa ya likizo na kazi, zipo mbili, namba 417 na namba 462, kwa vijana wa miaka 18 mpaka 30 (nchi chache mpaka 35). Unapewa mwaka mmoja, unazurura, unafanya kazi ukiishiwa hela, unaendelea kuzurura. Ukitaka mwaka wa pili ndo panapokuja shamba: lazima uonyeshe umefanya siku 88 za kazi walizozitaja wao huko mikoani, na wengi zinawaangukia kwenye kuchuma, kupogoa na kupaki matunda na mboga. Mwaka wa tatu, miezi sita. Sasa hizo visa zina orodha ya nchi, na Tanzania haipo, sio kwenye 417 wala 462. Kwaiyo yule wa milioni nne na nusu, hata kama ana ofisi ina kiyoyozi na dada wa mapokezi, anakuuzia kitu ambacho pasi yako haiwezi kununua. Na hiyo miaka 45 aliyoandika inakwambia hata hajasoma anachouza.

Hilo limeisha. Swali linalobaki ni tamu zaidi, je tungekuwa kwenye orodha, ingefaa kwenda?

Tuanze na hela maana ndo inayovuta watu. Julai 2025 kima cha chini Australia kiliwekwa dola zao 24.95 kwa saa, na kibarua asiye na ajira ya kudumu anaongezewa asilimia 25, inafika kama 31. Dola yao moja ni kama shilingi 1,600 hivi na ushee. Hapa kwetu amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kilimo 140,000 kwa mwezi, mpaka amri mpya ilipoanza Januari 2026. Piga hesabu, saa nne za kuinama kwenye stroberi kule, hata wakishakukata kodi, zinafunika mwezi mzima wa kibarua wa shamba wa huku kwa hiyo 140,000. Kodi yenyewe kwa watu wa visa hii ni asilimia 15 tangu dola ya kwanza mpaka 45,000 kwa mwaka. Kuna na akiba ya uzeeni ambayo mwajiri anakuwekea, ukiondoka nchini unaidai, ila wanakata asilimia 65 hapo hapo, hiyo mimi naiita kunyang'anywa kistaarabu. Pamoja na yote hayo, ukibana matumizi unarudi na hela ya kueleweka. Anayekwambia hakuna hela kule anadanganya.

Ila hiyo ni bei ya kwenye karatasi. Kwa miaka mingi shambani walikuwa wanalipa kwa ndoo au kwa trei bila kiwango cha chini, kama akina mama wanaogonga kokoto pale Kunduchi, umejaza ndoo ngapi ndo umekula ngapi. Mgeni asiyejua kuchuma alikuwa anaweza kutoka asubuhi mpaka jioni na kupata hela ya chakula tu. Novemba 2021 Tume ya kazi ya kule, Fair Work Commission, ikaamua hata anayelipwa kwa ndoo asishuke chini ya kiwango cha saa, ikaanza kutumika Aprili 2022. Ni ushindi mkubwa. Ila sheria ikae kwenye kitabu ni kitu kimoja, na mnyapara aandike saa sita wakati umepiga tisa ni kitu kingine.

Nina binamu kazaliwa Leicester, ana pasi ya Uingereza, alienda kabla ya mabadiliko ya 2024 nitakayoyasema. Alichuma stroberi upande wa Bundaberg, Queensland, baadae akahamia kupaki. Anasema kuchuma kunaanza giza giza kabla jua halijawa kali, una kigari cha chini unakikalia au unakisukuma huku umepinda, mistari mirefu huoni mwisho, na tunda unatakiwa ulikate kwa kucha pale kwenye kikonyo, usilibonyeze, usilivute, likiwa na weupe kidogo mkaguzi anakurudishia trei nzima mbele ya watu. Mgongo anasema unazoea. Vidole navyo vinazoea. Kitu ambacho hakukizoea ni hosteli. Kule mashamba mengi yanapata watu kupitia hosteli za vibarua, unalala kwao wao ndo wanakupangia kazi, kodi ya kitanda inakatwa kabla hujaiona hela yako, chumba kimoja watu wanane. Mvua ikinyesha hakuna kuchuma, hakuna malipo, ila kodi ya kitanda haijui mvua. Ukilalamika sana kesho jina lako halipo kwenye karatasi ya ukutani.

Nikamuuliza sasa dada si ungeondoka? Akanijibu, "na siku zangu 88 je?"

Hapo ndo kwenye kiini. Yule hakufungwa na umaskini, angeweza kurudi kwao kesho yake. Alifungwa na siku. Bila hati za malipo za bosi hana mwaka wa pili, kwaiyo bosi anashika kitu ambacho hakukilipia wala hakukitengeneza, anashika visa ya mtu. Mkaguzi wa kazi wa kule, Fair Work Ombudsman, alichunguza visa ya 417 akatoa ripoti 2016 na akasema jambo hilo hilo, kwamba kutegemea shamba ili uongezewe muda kunafungua mlango wa kunyonywa. Na sisi tusijifanye wageni wa hili. Babu zetu waliokuwa manamba kwenye mkonge Tanga walifanya kazi na kipande, kile kikadi cha siku 30, siku ukimaliza kazi uliyopangiwa inawekwa alama, siku mnyapara akisema haijaisha basi umefanya bure, na mshahara unasubiri kadi ijae. Tofauti kubwa ni kwamba kijana wa Uingereza akichoka ana tiketi ya ndege mfukoni.

Wanaotetea siku 88 wanasema zinawafanya vijana wa mjini waonje maisha ya shamba, na mikoani wanapata watu wa kuvuna. Hilo la pili ni kweli tupu, bila hawa watu matunda yanaozea shambani. Hilo la kwanza ni maneno ya kupamba. Ushahidi? Kuanzia Julai 1, 2024 wenye pasi ya Uingereza hawadaiwi tena siku za shamba, wanapata mpaka miaka mitatu hivi hivi, kwa sababu nchi yao ilijadili mkataba wa biashara huru ikaliweka hilo mezani. Kama kuchuma kulikuwa ni malezi mazuri ya vijana mbona Waingereza wamekimbilia kuwaondolea wa kwao?

Halafu kuna wanaosema Mtanzania hawezi zile kazi, vijana wa Dar wamezoea kivuli. Siwezi kupoteza muda hapo. Kwenye ndizi kule Tully, Queensland, mkungu mmoja unaweza kupita kilo 40, mwenzako anakata wewe unaupokea begani unakimbiza kwenye tela, sawa, nenda Kariakoo alfajiri uangalie watu wanachobeba alafu uje tuongee.

Hoja nyingine ya wanaounga mkono ni ujuzi, kwamba utarudi ulime kisasa Bagamoyo. Kidogo ipo. Ila mchumaji anachuma, hapangi maji, hasainishi mikataba na soko, hajui hata mbolea gani imewekwa. Utarudi na mtaji na nidhamu ya muda, ukulima utajifunzia hapa hapa.

Sasa turudi kwetu, maana kama hiyo visa hatuna, njia zipi za shamba nje zipo? Uingereza wana visa ya vibarua wa msimu, miezi sita tu, huruhusiwi kuja na familia wala kuongeza muda, na unapitia kampuni chache zilizoidhinishwa. Kwa sheria za kule ni marufuku wakala kumtoza mtu hela kwa kumtafutia kazi, lakini vibarua kutoka Indonesia walionekana wamefika na madeni ya maelfu ya pauni waliyolipa madalali wa kwao. Mtu ana miezi sita, miwili ya mwanzo analipa deni, mvua ikinyesha ni mitatu. Kuna na mafunzo ya kilimo Israel, darasa na kazi ya shamba pamoja, vijana wetu wengi wamepita huko na wapo waliorudi wakaanzisha vitu vyao. Wapo na ambao hawakurudi. Clemence Mtenga na Joshua Mollel walienda kujifunza kilimo na wakauawa katika shambulio la Oktoba 7, 2023, Mollel akiwa hana hata mwezi tangu afike. Silaumu waliowapeleka, vita haikuwa kwenye fomu, ila ukiwa kibarua au mwanafunzi hukuchagua kijiji, hukuchagua shamba, unapelekwa tu.

Na hiyo ndo tofauti ninayotaka watu waione. Ile visa ya Australia, pamoja na ubaya wake wa siku 88, ina kitu kimoja ambacho njia nyingi tunazopewa sisi hazina: bosi akikuzingua unaondoka unaenda shamba jingine au unaenda kuosha vyombo Melbourne, na bado una visa. Binamu yangu aliondoka stroberi kwa miguu yake mwenyewe. Mtu aliyeenda kwa mkataba wa bosi mmoja, tena na deni la dalali nyumbani, anakwenda wapi? Mzee kauza bodaboda, mama kakopa vikoba, huwezi kupiga simu useme narudi.

Kwaiyo mimi msimamo wangu, kazi ya shamba nje ni kazi halali na nzuri kwa mwenye mgongo, tusiichekee, wabeba maboksi ndo walijenga nusu ya nyumba za Goba na Kigamboni (natania, ila sio sana). Ukipata njia ya kweli nenda, ila usiende na deni na usiende mahali ambapo kubadilisha mwajiri ni kosa. Na wakala umuulizie TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kwanza kama ana leseni.

Kwa upande wa serikali, kila siku tunasikia mikataba ya kupeleka nguvukazi nje. Wahindi walikaa na Australia kwenye mkataba wao wa biashara wa 2022 wakaomba waingizwe kwenye 462, wakapewa nafasi 1,000 kwa mwaka. Ni chache sana kwa nchi ile, kwaiyo zinachezeshwa kwa bahati nasibu, usajili wake dola 25 za Australia, ukikosa umepoteza hizo 25 na maisha yanaendelea. Kama elfu 40 ya huku. Yule wa milioni nne na nusu ukikosa kwake anakublock.