Ruba na lesi: tuziamini picha za kale za wanawake wa kazi?

Picha za kuchapwa za miaka ya 1800, zile zinazoonyesha wanawake wa kazi na mavazi ya mkoa wao, zina wapenzi wengi na wapinzani wasiopungua. Wapo wanaozishika kama ushahidi wa walivyovaa watu wa kawaida. Wengine wanasema yalikuwa mapambo ya sebule za wenye nazo, basi.

Wapinzani wana hoja nzito. Tazama mkusanyiko wa wanawake wa Normandy, Ufaransa, uliotoka Paris mwaka 1827. Lanté alichora, Gatine akachonga kwenye bamba la shaba, na mchapishaji alikuwa Pierre de La Mésangère, mwenye jarida la mitindo. Ndiyo maana mwanamke wa shamba anasimama kama yuko dirishani mwa duka la nguo: kiuno chembamba, kiatu safi, kichwani kofia ndefu ya lesi. Kofia ile ilikuwa ya bei, ya sikukuu na harusi. Nani angekamulia ng'ombe nayo? Rangi nazo zilipakwa kwa mkono, kwa hiyo sketi ya nakala moja si lazima ifanane na ya nakala nyingine.

Lakini kuzitupa zote ni kukurupuka. George Walker, mtoto wa familia tajiri ya karibu na Leeds, Uingereza, alitoa kitabu cha picha zake za watu wa Yorkshire mwaka 1814. Mojawapo ni ya wanawake watafuta ruba, wale wadudu wa majini wanaonyonya damu. Wamepandisha sketi, miguu mitupu imo kwenye maji ya kina kifupi, wanangoja wadudu wawaume ili wakauzwe kwa matabibu wa kutoa damu. Hapo hakuna mtindo wa kumuuzia mtu. Katika picha nyingine, ya bonde la Wensleydale, watu wanafuma soksi huku wakitembea. Na nyuma ya mchimba makaa wake kuna injini ya mvuke inayovuta mabehewa; injini hizo zilianza kazi kwenye mgodi wa Middleton, karibu na Leeds, mwaka 1812. Mtu huyu alichora vilivyokuwepo.

Mimi naamini sketi iliyopandishwa kuliko lesi. Vazi la kazi lililokunjwa ili kazi ifanyike, msanii hapati faida kulitunga. Vazi la sikukuu nalisubirisha mpaka nione nguo yenyewe makumbusho, au orodha ya mirathi inayolitaja. (Kwa kipimo hicho hicho nazitazama kadi za posta za kale za Zanzibar, za wapiga picha Gomes na Coutinho: kanga naiamini, pozi la studio siliamini.)

Kinachoharibu zaidi ni biashara. Wauzaji huchana vitabu hivi na kuuza karatasi mojamoja kwenye fremu. Kila picha ya Walker ilikuwa na maelezo yake, kwa Kiingereza na Kifaransa. Yakishang'olewa, mtafuta ruba anabaki mwanamke aliyesimama majini, na mnunuzi anadhani anaoga.