Mganga hajigangi, na mgomo wa madaktari wakati wa korona

Desemba 2020, korona ikiwa na miezi tisa tangu iingie Kenya, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa ugonjwa huo Machakos aliugua akafa. Vyombo vya habari viliripoti kwamba alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara, na bima ya matibabu hakuwa nayo. Wauguzi na maafisa wa kliniki walikuwa tayari wamesusia kazi. Tarehe 21 mwezi huohuo chama cha madaktari, KMPDU, nacho kikaanza mgomo.

Je, ilikuwa halali kwao? Nimelijadili swali hili na watu wengi, na jibu la haraka huwa moja: askari hakimbii vita. Daktari amekula kiapo, udaktari ni wito, na anayegoma wakati wa tauni amewatelekeza watu.

Siwezi kuipuuza hoja hiyo, maana niliiona kwa macho. Siku zile nilikuwa langoni mwa hospitali moja ya umma. Ikaja Probox, mzee mmoja kwenye usukani, kiti cha nyuma kimelazwa bibi kizee, mjukuu kashikilia chupa ya dripu juu karibu na paa. Zahanati ndiyo iliyowatuma pale. Askari wa lango akainama dirishani: “Madaktari wamegoma, mzee. Mpelekeni hospitali ya mission.” Bibi hakuwa hata na korona. Na hapo ndipo mgomo wa madaktari unapopwaya: mwenye saini ya kuumaliza hapangi foleni kwenye lango lile. Akiumwa anakwenda hospitali ya kulipia, au anapanda ndege. Fimbo inamwangukia asiyehusika.

Lakini huyo askari asiyekimbia vita hupewa bunduki na kofia ya chuma. Madaktari walidai nini? Vifaa vya kujikinga vya maana, bima, na fidia kwa familia za wenzao waliokufa. Na hayo waliyadai mwaka uleule ambapo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aligundua kwamba KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, lilikuwa limetumia shilingi bilioni 7.8 za korona kinyume cha utaratibu. Shehena ya vifaa vilivyonunuliwa kwa bei ya kuruka ikakaa ghalani. Ukiambiwa wito baada ya kusoma ripoti ile, utacheka au utalia.

Kuna jambo jingine ambalo wanaolaani hulisahau. Daktari asiye na kinga anaubeba ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda, kisha anakwenda nao nyumbani. Kwa hiyo anayekataa kuingia wodi ya karantini bila gauni na barakoa mimi simuiti mgomaji hata kidogo. Anayedai nyongeza ya marupurupu katikati ya wimbi la korona, huyo tutabishana. Mshahara wa miezi iliyopita nao si nyongeza, ni deni. Kosa la chama, kwa maoni yangu, lilikuwa kuyafunga yote katika kifurushi kimoja, na serikali ikafurahia, maana ikawa rahisi kusema “hawa wanataka pesa tu.”

Sheria nayo haimalizi ubishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Zaidi ya hapo, tangu hospitali nyingi zikabidhiwe kaunti 2013, daktari akidai chake anarushwa kama mpira: kaunti inamwelekeza serikali kuu Nairobi, Nairobi inamrudisha kwa gavana. Na madaktari walikuwa na kumbukumbu. Makubaliano yaliyotiwa saini 2013 hayakutekelezwa, hadi wakagoma siku mia moja, mgomo ulioisha Machi 2017, viongozi wao wakiwa wamewahi kulala jela mwezi uliotangulia. Mtu aliyejifunza kwamba barua hazijibiwi utamwambia aandike nyingine?

Mgomo wa madaktari ulisitishwa baada ya siku chache, ila wauguzi waliendelea hadi mwaka uliofuata. Yule mzee wa Probox alimuuliza askari mission wanaanzia shilingi ngapi. Askari hakujua. Mjukuu akahamisha chupa mkono wa pili, gari likageuzwa.